Picha ya Mama

Diski ilianza kugonga Jumatatu,
tk, tk, kama mtu aliye mlangoni asiyepiga hodi.
Shaame akatega sikio kwenye boksi la kompyuta:
"Hii haina wiki."

Duka letu liko Chake, unapoteremka kutoka sokoni:
saruji, mabati, misumari ya inchi tatu, rangi ya mafuta,
na ndani ya mashine hiyo, iliyojaa vumbi la saruji hadi mapafuni,
miaka kumi na minne ya mama:
nani kachukua, nani kaleta,
nani kaahidi karafuu zikikauka.

Nikasema, "Basi nihamishie mafaili."
Akacheka. "Mafaili ni vyombo, Raya.
Utabeba masufuria, utasahau msumari
aliokuwa akitundikia kanga.
Sie tunahamisha nyumba nzima, na ufa wake,
na alama ya maji palipovuja dari.
Tunaipiga picha."

Mama hakupenda picha.
Harusini alijitia jikoni.
Ya kitambulisho aliipiga kwa uso wa mtu anayedaiwa.

Shaame akauliza: penye kitu tu,
au diski yote, hata patupu?
Patupu pa nini, nikataka kusema;
umeme umebaki uniti sita.
Nikasema, yote.

Nikanunua Tukuza ya elfu tano.
Mstari wa kijani ukaanza kutambaa.
Asilimia tatu: mteja kaja kutaka gundi ya mabomba.
Asilimia kumi na tisa: adhuhuri.
Kwenye arubaini na moja ukasita,
diski ikagonga ukucha pale pale, tk, tk, tk,
na Shaame, ambaye hanyamazi, akanyamaza.
"Sekta mbovu. Ngoja, itajaribu tena."
Ikajaribu. Ikaruka. Ikaandika kwamba hapa pana shimo.
Watu wachache wanaliweza hilo.

Baada ya alasiri ikamaliza.
Akaifungua ile picha aone kama inasomeka.
"Na hili je? Lilifutwa."
Jina la faili limekatwa kichwa:
?adeni ya Rajabu.

Mie nilidhani kufuta ni kufuta.
"Kufuta ni kung'oa jina mlangoni tu," akasema.
"Mwenyewe bado yumo ndani
mpaka aje mwengine alalie kitanda chake."

Kombo wa Gombani, saruji mifuko tisa.
Saumu Faki, mabati manane, baada ya ule upepo.
Dawa ya deni kulipa; kumbe mama alijua dawa nyengine
na hakumwambia mtu.
Mstari wa mwisho:
Baba yake Raya. Mabati ishirini na mawili, misumari kilo sita.
Peleka Vitongoji.

Nimekunywa chai chini ya mabati yale,
nyumbani kwa Bi Mize, mke wa pili,
kila sikukuu tangu niko skuli,
na kila mvua ilipoyapiga nilisema moyoni:
hili ndilo paa lililomtoa baba kwetu.
Sikujua kuwa nalo lilitoka kwetu.

"Nilifute kabisa? Nilipige mara saba, lisirudi?"
"Liache. Aliyelifuta keshalifuta."

Akanipa diski ya nje, kama kipande cha sabuni,
bado ya moto.
"Sharti moja. Nakala isilale nyumba moja na asili yake.
Moto hauchagui. Una jamaa wa mbali kidogo?"

Nilifika Vitongoji kabla ya magharibi.
Bi Mize, mjane wa baba, alikuwa akipepeta mchele.
Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza.
"Nini hiki, mwanangu?"
"Picha ya mama."

Akaitazama, akatafuta uso, asiuone.
Akaipangusa kwa ncha ya mtandio
kisha akaiweka juu ya kabati,
pembe ya ndani, ambako, alisema,
paa halijavuja hata siku moja.