Nyumba Iliyovuka Maji

Bwana kutoka Castro amekuja na kibao cha shaba,
skrubu nne ndani ya bahasha,
na swali lililokwisha pigwa chapa kwenye fomu:
Nyumba hii ilijengwa hapa mwaka gani?

Hapa haikujengwa.
Hapa ilifika.

Andika hivyo, bwana, kama shaba yako ina nafasi.
Ilijengwa ng'ambo ile, kisiwani Llaumén,
babu Delfín Barría alipopasua magogo ya alerse
kwa shoka na kabari, kigae kimoja kimoja,
vigae elfu nne na ushei,
akivihesabu kwa punje za maharage
maana hesabu yake ya mdomo iliishia mia.

Halafu Mei ile ya mwaka wa sitini
ardhi ikajinyoosha kama mbwa aamkaye.
Bahari ikarudi nyuma,
ikaacha kome wazi, na nanga zilizosahauliwa,
na walioteremka na vikapu kuokota kome
hatuna makaburi yao.
Kisiwa kikadidimia.
Toka siku hiyo, kila maji yakijaa
yalibisha hodi mlangoni
na hayakungoja kuambiwa karibu.

Bibi Eudosia akasema: Tunahama.
Babu akauliza: Na nyumba?
Nimesema tunahama. Nani kasema tunaiacha?

Huku kuna msaragambo wa kuhamisha nyumba,
minga, ndivyo wauitavyo.
Hulipwi senti. Unalishwa
mpaka mkanda ukatae tundu lake.
Wakang'oa madirisha, wakatoa jiko la chuma,
wakapenyeza magogo chini ya sakafu,
wakafunga nira maksai ishirini na wawili,
na nyumba isiyowahi kwenda hata kanisani
ikateremka kilima
ikilalamika kila kiungo.

Ufukweni wakaifunga mapipa ubavuni,
wakangojea maji makuu,
motaboti mbili zikaivuta.
Mama alikuwa na miaka sita.
Anasema aliona dirisha la chumba chake
likipita katikati ya mlango-bahari
na ndege mweupe akichungulia ndani
kama mpangaji mpya.

Gusa hapa, bwana, kwenye ukuta wa jikoni.
Huo ni mstari wa chumvi.
Tumeupaka rangi mara saba.
Kila masika unarudi.

Sasa weka kalamu chini, hili si la fomu.
Pale kwenye mteremko, maksai mmoja alivunjika mguu.
Lucero, wa Hilario Nahuelquín,
mtu aliyekuwa na maksai wawili tu duniani.
Hilario hakusema neno.
Alikwenda mwenyewe kuchukua kisu,
na usiku ule, watu walipokula na kucheza
ndani ya nyumba iliyokuwa bado inachuruzika maji,
ndiye aliyekuwa sufuriani.

Babu hakupata kumlipa.
Fedha, Hilario alizikataa.
Ndama, alimrudisha kwa kamba ile ile.
Basi kila mavuno babu akampelekea gunia la viazi,
na kila baada ya wiki gunia likarudi
tupu, limefuliwa, limekunjwa pembe nne.
Walizikwa wote wawili, gunia likaendelea kutembea.
Mama akalipeleka. Sasa ni mimi,
kwa Nelda, mjukuu wake, aliye na duka la misumari.
Juzi limerudi. Lile pale, juu ya kiti.
Linanuka sabuni.
Sijui kama maana yake ni yameisha
au ni lete tena.
Sijauliza. Naona haya kuuliza.

Shaba yako inasema: Nyumba ya Familia ya Barría.
Haya. Ndimi tuliolala ndani yake.

Unataka ukuta gani?
Popote, bwana. Mbao hii haichagui.
Ila maji yamepanda tena kidole kimoja kwenye gati,
nimeweka alama kwa msumari wa Nelda,
kwa hiyo nakuomba,
skrubu usizikaze sana.