Dobi wa Skjelvik

Mashine ni moja.
Tuliinunua kwa fedha za maandazi ya iliki
yaliyouzwa kibandani misimu miwili,
na inakohoa kama Njål, golikipa wetu wa kale,
aliyezikwa na kipenga alichomwibia refa.
Ukutani pana karatasi: Jumapili jezi za wanaume,
Jumatatu za wanawake.
Aliyeiandika hakuwahi kufua hata leso.

Kwani tope lina ratiba?

Borgny alikuja ofisini mwaka wa sabini na saba
na wasichana kumi, yeye wa kumi na mmoja,
wa akiba hakuna,
mikono ingali inanuka chewa wa kiwandani.
"Tunataka uwanja."
Mwenyekiti akaipekua kalenda
kama mtu anayetafuta sarafu katika koti la mwenzake.
Akatupa Ijumaa, saa nne usiku,
taa zikishazimwa.
Mcheza kwao hutunzwa, sawa, nimesikia.
Lakini kwao ndiko kupi,
kama kwako unaingia kwa kuazima ufunguo?
Tulileta trekta mbili, tukawasha taa zake,
tukacheza kila mmoja na kivuli kirefu kuliko goli.
Nilikuwa beki wa kushoto. Simdai mtu.
Goti langu ndilo linalodai, kila Novemba.

Mwaka huu wanaume wameshuka daraja.
Tormod aliipaisha penalti ya mwisho,
ikavuka uzio, ikavuka barabara,
ikatulia chini ya vichanja vitupu vya kukaushia samaki.
Wiki nzima hakuonekana dukani.
Mkewe ndiye aliyenunua maziwa.
Na wanawake walibakiza pointi moja tu wapande.
Pointi moja, na usiku wa kuamkia Jumamosi
theluji ikashuka kama iliyotumwa na wapinzani.

Saa kumi na moja alfajiri nikasikia makoleo.
Nikachungulia kidirisha changu, kilicho sawa na ardhi:
miguu. Viatu vya mpira, timu nzima ya wanaume,
na hakuna aliyeitwa.
Wengine walisukuma theluji, wengine walitaniana.
Jozi moja haikutania.
Ilisimama kwenye nukta ya penalti,
kisha magoti yakashuka, kisha glavu,
zikaifuta nukta ile taratibu
kama mtu anayefuta miwani ya mama yake.

Mechi sikuitazama. Sina moyo huo.
Nilikaa chini na ndoo na sabuni,
nikaisikiliza kupitia bomba:
vishindo, kipenga, ukimya,
"Eirun, geuka! Nyuma yako!"
kisha dakika za lala salama, sisi nyuma bao moja,
kisha dari lote likatetemeka
na mtu akapiga yowe: "Amefunga! Amefunga!"

Amefunga.
Neno hilo halina sketi wala ndevu.
Lina nyavu tu, na pumzi.

Goli lenyewe, waliniambia, lilikuwa baya:
mpira uligonga mtambaapanya, ukarudi,
ukamgonga Halldis gotini akiwa ameteleza,
ukaona aibu, ukaingia.
Moja kwa moja. Pointi ndiyo hiyo.

Jioni wakanirundikia kila kitu mlangoni:
jezi, soksi, glavu za makoleo, shali ya refa sijui imefikaje.
Nikavitia vyote pamoja,
siku ya Jumamosi, ambayo karatasi haikumpa yeyote.
Mashine ikakohoa, ikameza.
Karatasi sikuichana. Mvuke umeshaanza kuila pembeni.

Jumanne Tormod alikuja mazoezini
na soksi mbili zisizofanana,
moja ina herufi H iliyoshonwa kwa uzi mwekundu.
Aliiona. Nilimwona akiiona.
Akaivuta hadi gotini,
akaomba mpira.