Nguo ya Sukari

Baba, nimeiweka damu yako juu ya kioo.
Tone moja, dogo kama punje ya mchele,
juu ya madoa mia mbili ya sukari
yaliyopangwa mistari kama miche
siku ya kupandikiza kule Santa Fe.

Si sukari ya chai. Hii haionjeki.
Ni vishada na matawi, kifundo juu ya kifundo,
na mnyoo huivaa mwili mzima,
haachi wazi hata upana wa sindano.

Kikulacho ki nguoni mwako, wasemao husema.
Huyu wako kazidi: nguo aliyovaa ni yako.
Amekaa mshipani, jirani na ini, mwaka wa tisa,
dume kamkumbatia jike hamwachi,
na askari wa damu wakipita doria
huona kitambaa cha nyumbani,
husalimu, hupita.

Mmoja alisimama.
Seli yenye vidole virefu,
kazi yake kupapasa wageni na kupiga mbiu.
Ikaishika ile sukari,
na kiganja chenyewe kikaisaliti:
mbiu ikashuka, ikawa mnong'ono,
mnong'ono ukawa bembelezo.

Unajua sukari hiyo iko wapi kwingine?
Nilicheka peke yangu maabara, saa nane usiku,
Rosauro kasinzia kitini.
Imo katika maziwa ya mama.
Kifundo kwa kifundo.
Mama alininyonyesha ukingoni mwa jaruba,
miguu majini hadi magotini;
titi likasema *tulia*, nami nikatulia,
na chini, kwenye matope, konokono
akawafungulia mlango wenye mikia panda
nao wakija na neno lile lile.

Nani aliwafundisha? Sijui.

Mayai ndiyo yasiyo na adabu.
Yanakwama ininí mwako, yanapiga kelele,
na jeshi lililolala linaamka limechelewa,
linajenga ukuta kuzunguka kila yai,
ukuta, ukuta, ukuta,
ndiyo maana mkanda wako umehama matundu matatu.

Alfajiri kioo kiliwaka kijani.
Doa kwa doa, mishale ya damu yako
ilikuwa imeshika sukari ile ile ya mnyoo.
Nikafurahi, kisha nikakumbuka:
yeye hulivua koti kila mara, hulitupa mtoni,
huvaa jingine.
Umepiga sana, Baba. Hukukosa hata mara moja.
Umepiga nguo zilizoanikwa.

Vidonge nimempa Eutiquio, vimefungwa kwenye soksi.
Ni vichungu; meza na ndizi, usivigawe,
hata kwa nyati, ingawa naye anao.
Jumatatu maji yanafunguliwa mashambani.
Vile viatu vya mpira nilivyokuletea Krismasi,
naambiwa kimoja kuku anatagia,
na kingine bado unamtafutia mpangaji.