Ukungu wa Ilembo

Leo ukungu umelala juu ya matuta ya viazi,
hauna haraka, kama foleni ya wagonjwa wa nje.
Nimefunga kanga mbili juu ya sweta,
faili langu ndani ya salfeti.
Limenenepa. Mimi nimekonda.

Ukurasa wa kwanza: malaria.
Huku Umalila, ambako mbu mwenyewe angehitaji koti,
waliandika malaria mara tatu.
Kisha taifodi. Kisha baridi yabisi,
kwa kuwa vidole viligoma kushika jembe alfajiri.
Wekundu ulipotanda mashavuni hadi juu ya pua,
mama Mwazembe wa dukani alisema, ni hizo krimu zako.
Sijawahi kununua krimu.

Mwaka wa nne, Rufaa, Daktari Kyando
akalitamka: lupus.
Nilitoka pale karibu nicheke. Jina moja tu!
Nikapanda gari la Mbalizi kama mtu aliyelipa deni.

Kumbe jina nalo ni blanketi.
Kila kilichokuja kilisukumwa chini yake.
Macho makavu, lupus.
Nywele kwenye kitana, lupus.
Homa za jioni, jasho la kulowesha godoro,
lupus imeamka, ongeza vidonge.
Nikaongeza. Uso ukavimba, ukawa mviringo,
homa ikabaki palepale
ikinitazama.

Ndipo nikamwambia: Daktari, mimi ni mkulima wa viazi.
Shina likisinyaa na majani yana madoa
jirani husema ni ukungu, hupiga dawa, hulala usingizi.
Baba yangu alikata shina,
akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi,
akangoja.
Uzi mweupe ukishuka, kama maziwa,
basi kuna mnyauko pia.
Ukungu kweli upo.
Ila hauko peke yake.

Akaweka kalamu chini.
Sikujua kama amekasirika.
Nje waliita namba ya mtu mwingine.
Akauliza: unakohoa?
Kidogo, nikasema. Hakuna aliyeniuliza.

Sasa nangoja majibu ya makohozi.
Alinieleza mwenyewe, taratibu, bila kuangalia saa:
dawa inayomlaza huyu
huenda ndiyo inayomlisha yule;
hatuwezi kumpiga mmoja gizani.
Alisema pia, sijui.
Miaka minne, na hilo ndilo neno la kwanza nililoliamini.

Jua limechelewa.
Matuta ya juu siyaoni bado.
Kesho napalilia,
vidole vikikubali.