Kilichofika

Kajaani, Februari, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Nimefungua dirisha la jikoni kwa upana wa kidole
ili baridi ya bure ifike kwenye feni,
na baba, na soksi zake za sufu, hasemi kitu.
Anasogeza tu chungu cha maua kisipigwe na upepo.

Mezani kompyuta imelala ubavu, tumbo wazi.
Prosesa hii ni mshahara wa miezi miwili
wa kupanga maziwa na jibini usiku, duka la karibu na stesheni.
Walioitengeneza waliiandikia kasi yake.
Mimi naitaka zaidi: gigahezi tano na nusu.
Sababu sina.
Apandaye kilima kuona upande wa pili
haulizwi risiti.

Nikaongeza volti. Ikawaka, ikahesabu,
dakika nne, dakika tisa,
kisha skrini ikawa buluu tupu.
Nikaongeza tena. Dakika kumi na moja. Buluu.
"Inasema moja nukta tatu tano," nikalalamika,
"tazama, imeandikwa hapa, wala haijasogea!"

Baba akainuka, magoti yakilia.
Miaka thelathini na mmoja aliulinda umeme wa kiwanda cha karatasi
hadi kikafungwa na mabomba yakauzwa chuma chakavu.
Akarudi na mita yake ya manjano, kioo kimepasuka pembeni,
akainama nyuma ya soketi na ncha mbili, nyeusi na nyekundu,
kama mtu anayemtoa mtoto kibanzi jichoni.

"Ipe kazi."
Nikaipa hesabu nzito, viini vyote vinane.
Feni zikavuma.
Skrini: moja nukta tatu tano.
Mita: moja nukta mbili sita.
Tukatazamana.
"Huyo wa kwenye skrini," akasema baba, "anakusomea kilichoagizwa.
Huyu anakusomea kilichofika."

Kando ya soketi zimepanga foleni koili kumi na mbili,
vijiwe vya kijivu vinavyopokezana umeme mkono kwa mkono.
Ukizidai ghafla, hushuka kwanza; ndivyo ubao mama ulivyoundwa.
Lakini nilikuwa nimesoma kuhusu ile ngazi ya kuzuia mshuko,
nikaipandisha mpaka mwisho, ya nane.
Mzigo ukaja. Volti ikasimama wima kama askari wa gwaride.
Nikapiga meza kwa furaha, maua yakatikisika.

"Sasa iondolee kazi."
Nikaiondolea.
Alikuwa ameibonyeza mita ishike kilele,
na kilele kikabaki pale kiooni, hakina haya:
moja nukta nne nane.
Kufumba na kufumbua tu, lakini kilipita.
"Hapo ndipo vinapofia," akasema. "Si wakati wa kubeba.
Wakati wa kutua."

Siku kiwanda kilipofungwa
alirudi nyumbani saa nne asubuhi.
Wiki ile aliifumua sauna na kuijenga upya, mara mbili.
Akapaka uzio rangi, mvua ikinyesha.
Mama akaficha ngazi.

Tukaishusha hadi ya nne. Tukapunguza na kasi,
tano nukta tatu, roho ikiniuma.
Ikaachwa izame kidogo inapoelemewa,
moja nukta mbili tisa, na ipande polepole inapopumzika.
Saa sita za usiku. Saa nane. Haikuwa buluu.
Baba alikaa nayo, kidole chake kikigusa vipande vya alumini
juu ya koili, akipima joto kwa ngozi
kama zamani, kabla hawajampa kipimajoto.

Karibu alfajiri nikamuuliza kama anakikumbuka kiwanda.
Akashuka.
Nilimwona, kidogo tu, mabega na kidevu,
macho yakaelekea kule mtoni ambako bomba la moshi halipo tena.
Sikuongeza neno.
Kisha akarudi.
"Funga dirisha," akasema. "Maua."