Nafasi ya Sauti Yako

Chumba namba kumi na nne, ghorofa ya tatu, Poznań.
Dirisha halifungi vizuri, na mwezi ni Februari.
Mimi hulipwa kwa saa: mpiga piano wa wanafunzi,
mwaka wa ishirini na mbili sasa,
kazi yangu kupumua pale wanapopumua wao.

Jumanne uliingia na kijidaftari,
ukaandika kwa herufi za mtoto wa shule:
Kinundu. Uzi wa kushoto. Siku kumi na tisa bila neno.
Hata kunong'ona marufuku.
Ukapiga mstari chini ya kunong'ona
kana kwamba mimi ndiye niliyekukosea.

Jagoda, binti wa fundi wa lifti wa Gniezno,
mwaka wa pili wa uzamili, mtihani mwezi Mei,
nyimbo kumi na moja kwa lugha nne,
na alfajiri, ili kodi ilipwe,
duka la mikate karibu na stesheni.
Nilijua. Si nyimbo zilizokuumiza.
Ni "Karibu, nani anafuata?"
mara mia mbili kwa zamu, juu ya mngurumo wa feni.

Bi Halszka, mwalimu wako, hakutoa pole.
Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.
"Njoo vilevile," akasema.
"Anayesomea koo ni daktari. Wewe simama pale."

Ukasimama pale.
Nikapiga utangulizi, mapigo manane,
ukavuta pumzi, nikaona mbavu zikifunguka
kama kabati la zamani, mlango mmoja kwanza,
na hakuna kilichotoka.
Nikaendelea. Mkono wa kushoto ukitembea,
wa kulia ukikungoja kwenye kona,
na katikati nafasi yako, pana, imefagiliwa.
Ulipochelewa kuingia, nilijua.
Ulipoiba nusu pigo kabla ya noti ya juu,
mazoea yako yale mabaya,
niliyasikia kuliko siku zote ulizoimba.

Wanasema kimya kingi kina mshindo.
Labda. Mimi nilisikia bomba la joto likigonga ukutani
na tramu namba tano ikikata kona.

Siku ya nane mama yako alipiga simu.
Ulijibu kwa ukucha juu ya kioo:
moja ndiyo, mbili hapana.
Alizungumza dakika ishirini, mwanamke ambaye,
uliniandikia baadaye, hajapata kuvuka tatu.
Maneno yake sikuyasikia.
Niliona ukucha ukigonga moja. Kisha moja.
Kisha ukabaki hewani.

Siku ya ishirini hatukuwa na kipindi.
Nilijipata kwenye foleni saa kumi na mbili asubuhi,
theluji ndani ya kola, nikijifanya mpita njia.
Ulikuwa umenipa mgongo, unapanga trei. Ukageuka.
"Mweusi," ukasema. "Nusu au mzima?"
Sauti ndogo, ina ukungu,
imeshuka kidogo chini ya pale nilipoiacha,
haijui bado kama imeruhusiwa kutoka.
Nyuma yangu mzee alikohoa, akataka tusogee.

Nilisema mzima.
Naishi peke yangu, nusu hunifikisha Jumapili,
lakini bei ya mzima
ni ndefu zaidi kuitamka.