Mjumbe Huuawa

Saa nane usiku, Mlimani, umeme umekwenda.
Jenereta imekohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye friji ya hasi themanini,
kama mtu anayezuia mlango usivunjwe,
na ndani, kwenye vichupa vidogo kuliko ncha ya kidole,
RNA ya viumbe wa chumvi ya Kunduchi
inaanza kusikia joto la Machi.

Tuliwachota Jumanne, mimi na Kibibi Pazi,
anayekwangua chumvi tangu bwawa la tatu likiwa tope tupu.
Maji yalikuwa mekundu ya kufifia, kama ya kufulia kitenge kipya.
"Hao mnaowataka," aliuliza, "wanauma?"
Hawaumi. Wala si bakteria, ingawa ukiwatazama utaapa ndio;
ni arkea, ukoo mwingine, wakongwe,
wanastarehe mahali ambapo samaki angekauka akiogelea.
Kibibi akacheka. "Basi kama sisi wa huku."

Kwetu husemwa mjumbe hauawi.
Ndani ya seli, mjumbe huuawa.
Huandikwa, husomwa, huchanwa, dakika tatu, tano,
herufi zake zikarudishwa kapuni ziandikie jambo jingine.
Si ukatili. Ujumbe wa *kuleni* ukibaki mezani
baada ya chakula kwisha,
nyumba nzima itakufa ikitafuna hewa.

Haya niliyajua kabla ya chuo.
Mama alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, Magomeni Makuti.
Daftari lake kubwa halikutoka kabatini,
ufunguo aliufunga kwenye pindo la khanga.
Alichonakili ni kikaratasi tu: *Mkutano saa kumi. Kila kaya jembe moja.*
Nakimbia nacho mlango kwa mlango,
na jioni nakikuta kwa muuza karanga,
kimesokotwa, kina njugu ndani.

Siku nyingine alinituma na kifupi zaidi,
neno moja: *Ghairi.*
Kazi yake kuliwahi tangazo refu kabla halijasomwa.
Seli nazo wanavyo vifupi hivyo: hulilalia tangazo
herufi kwa herufi, A juu ya U, G juu ya C,
mpaka msomaji akose pa kuanzia.
Tulivihesabu thelathini na moja
katika tone moja la Kunduchi, kabla ya usiku huu.

Na upo ujumbe usiongoja mtu.
Ni wa bakteria fulani wa maradhi:
kwenye baridi hujikunja, hujifunga kifungo, hukaa kimya.
Ukifika nyuzi thelathini na saba, joto la damu,
kifungo hufunguka chenyewe.
*Tumeingia. Anzeni.*
Hakuna aliyetoa amri. Joto ndilo lililosoma.

Umeme ulirudi saa kumi na moja, bila kuomba radhi.
Nikapitisha sampuli kwenye jeli.
Ilitakiwa mistari miwili, imenyooka kama reli.
Nilipata ukungu.
Daktari Nyamizi alitazama, hata hakukaa. "Rudia."

Nikavua glavu. Navaa mbili mbili siku zote,
maana jasho la kidole changu tu
linatosha kumaliza RNA ya wiki nzima;
mimi mwenyewe mchana barua wa kuzaliwa.

Nikapita Makuti kwa miguu.
Mama hayupo, mwaka wa sita sasa.
Vikaratasi vyote vimekwenda na njugu zake,
daftari limeliwa na mchwa hadi kaya ya nne.
Masika yalikuwa yamepiga alfajiri,
na maji yalijaa kwenye mtaro
ule uliochimbwa Jumamosi moja kwa majembe kumi,
yanapita mbio,
yanajua yanakokwenda.